Moto, Mikaratusi na Hatimiliki ya Shosho

Februari iliyopita shosho alichoma magugu. Ni kitu amefanya maisha yake yote: mvua za Machi zikikaribia unafyeka, unarundika, unawasha. Siku hiyo upepo uligeuka. Moto ukaruka mtaro, ukaingia kwenye mikaratusi iliyo kando ya mto, na kabla hatujajua tufanye nini mteremko mzima ulikuwa unawaka. Majani ya mkaratusi yana mafuta, na magome yake makavu hulala chini kama rundo la karatasi. Majirani walikuja na matawi mabichi na ndoo. Hakuna aliyeumia. Lakini mvua ilipokuja, udongo ulioachwa uchi uliteremka, na mto ukawa na rangi ya chai ya maziwa.

Mimi nilikuwa hapo kwa sababu nilikuwa nimeacha chuo. Na mikaratusi hiyo ndiyo iliyolipa karo yangu ya miaka miwili. Iliuzwa kuni za kiwanda cha chai, ikachipuka tena kama kawaida yake. Siwezi kuitukana bila kujitukana.

Kwa hivyo nikaanza kuuliza: ilikuwaje mteremko huu wa Murang'a, chini ya milima ya Aberdare, ukawa shamba la mtu mmoja lenye mti wa Australia hadi ukingoni mwa maji?

Zamani ardhi ilikuwa ya mbari. Watu walifyeka misitu, na moto walitumia pia, lakini waliacha mti mkubwa mmoja mmoja ukisimama, ulioitwa murema kiriti, ili roho za miti iliyokatwa zipate pa kukaa. Mugumo ndio kabisa haukuguswa. Sisemi walikuwa malaika wa mazingira. Msitu mwingi uliisha mikononi mwao. Ila kulikuwa na mipaka ambayo mtu hakujiamulia peke yake.

Mkaratusi uliletwa Kenya mwaka 1902, kulisha matanuri ya treni. Halafu Waafrika wakabanwa kwenye maeneo yaliyotengwa, masetla wakachukua sehemu kubwa ya ardhi nzuri, na mashamba yakalimwa bila kupumzika. Udongo ulipoanza kwenda, serikali ya kikoloni haikujiuliza ni nani aliyewabana watu hivyo. Iliamuru matuta yachimbwe. Wanaume wengi walikuwa kwenye ajira za mbali, kwa hivyo wachimbaji wakawa wanawake, bila malipo, machifu wakisimamia. Mwaka 1947 na 1948 wanawake wa Murang'a waligoma. Mamake shosho alikuwa mmoja wa waliotupa jembe chini.

Kisha Hali ya Hatari. Mwaka 1954 ulikuja mpango wa Swynnerton: vipande vya ardhi viunganishwe, kila shamba lipate mwenyewe na hatimiliki. Kazi hiyo ilifanyika wakati wengi wako kizuizini na wengine wamefungiwa kwenye vijiji vyenye walinzi. Hapa kwetu mashamba yalikatwa kama mikanda, kutoka juu ya mgongo wa kilima hadi chini mtoni. Kila mtu akapata kipande chake cha ukingo. Mto wenyewe haukupata mtu.

Wewe unayesoma hii ukiwa Kasarani au South B, hii stori inakuhusu. Maji mengi ya Nairobi hutoka huku. Bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994, hubeba takriban mita za ujazo milioni 70. Udongo unaotoka kwenye mashamba kama letu huishia kwenye mito inayolisha mabwawa na mifereji ya jiji. Mwaka 2009 waziri John Michuki aliagiza mikaratusi iliyo karibu na vyanzo vya maji ing'olewe. Wengine waling'oa, wengine walingoja apite. Mwaka 2015 ukazinduliwa mfuko wa maji wa Tana ya Juu na Nairobi. Huu ulikuja na njia tofauti: mkulima anasaidiwa kuchimba matuta, kupanda nepia kando ya mto, na kutengeneza bwawa dogo la kunyweshea mimea.

Matuta ni yale yale aliyoyakataa mamake shosho. Tofauti ni kwamba leo nepia inaliwa na ng'ombe wako, na hakuna chifu nyuma yako na kiboko.

Hayo yote nilimweleza anko, ambaye alikuwa ameshahesabu pesa. Visiki vilikuwa vimeanza kuchipua. "Wacha vikue," alisema. "Kwani historia italipa karo ya wadogo zako?" Sikuwa na jibu, na bado sina zuri.

Shosho ndiye aliyeamua. Nimepewa jina la guka, kwa hivyo huniita mume wangu. "Mume wangu," akasema, "hatua thelathini kutoka majini, ng'oa. Za juu muachie anko wako."

Nimeng'oa visiki arobaini na mbili kwa jembe na shoka. Vingine bado vinachipua pembeni, na kila Jumamosi navizungukia na panga. Mahali pake tumepanda nepia na miche ya miringa. Magugu hatuchomi tena, tunayatandaza chini ya migomba. Kati ya mikaratusi ya juu na shamba tumefyeka njia pana ya kuzuia moto, kwa sababu moto hausomi hatimiliki. Februari 2022 ulichoma hadi ndani ya hifadhi ya Aberdare.

Jirani wa upande wa juu bado ana mikaratusi hadi majini. Nilimwendea. Hakukubali kung'oa, ana mtoto anaingia sekondari. Lakini amekubali kitu kimoja: yeyote kati yetu akitaka kuwasha moto, atapiga simu kwanza.