Kichakataji: Upesi na Pato

Neno kichakataji limetoka katika kitenzi kuchakata, ambacho kwa asili ni kuponda kitu hata kilainike, kama mkonge unavyochakatwa kiwandani ili nyama yake iondoke na nyuzi zake zidhihiri. Wataalamu wa istilahi walipokitafutia jina kile kibamba cha silikoni kilichomo ndani ya tarakilishi, ambacho hupokea tarakimu ghafi na kuzitoa zikiwa jawabu, walikitwaa kitenzi hicho, wakakitia ki- ya ala mwanzoni na -ji ya mtenda mwishoni, na jina lililopatikana likawa la chombo na la mfanyakazi kwa pamoja. Mafundi wa Luthuli Avenue, hapa Nairobi, husema prosesa, wala hawana kosa. Walakini kwetu sisi wa Shauri Moyo, ambao nyundo za mafundi wa jua kali wa Kamukunji ndizo saa yetu ya asubuhi, jina lenye kuponda ndani yake halihitaji kufasiriwa mara mbili.

Taabu haimo katika jina la chombo, bali katika jina la sifa yake. Tumezoea kusema utendaji wa kichakataji, kana kwamba utendaji ni kitu kimoja chenye mizani moja, na hapo ndipo wanunuzi wengi hupotea njia. Kijana mmoja wa mtaani, ambaye riziki yake ni kuhariri video za harusi, alinijia jioni moja akiwa na furaha ya mtu aliyeokota lulu, akaniambia, "Mzee, nimepata mashine ya seva, imetumika lakini nzima, na viini vyake ni vingi kushinda vya hii yangu ya mezani. Si ndiyo itakuwa na nguvu zaidi?" Viini ndizo sehemu za kichakataji zitendazo kazi, kila kimoja kivyake; basi nilimwuliza kama amepata kuwatazama kwa makini mafundi wa masanduku.

Yuko Kamukunji fundi hodari ambaye hukata bati, akalikunja na kulipigilia hata likawa sanduku kabla ya jirani yake kumaliza kupima. Huyo ana upesi. Lakini mfanyabiashara ajapo kutaka masanduku mia moja kabla ya shule za bweni kufunguliwa, hamtafuti hodari huyo peke yake, bali huligawa agizo lake kwa mafundi wengi wa wastani, maana hajali ni sanduku lipi litakalotangulia, anajali kwamba siku ya ahadi ikifika yote yawe yametimia. Hilo ni pato. Aliye na upesi si lazima awe na pato kubwa, na penye pato kubwa huenda pasiwe na hata mmoja aliye mwepesi.

Ushahidi wa jambo hili umo katika vichakataji viwili vilivyotoka mwaka mmoja, 2022, kutoka kampuni moja, AMD: Ryzen 9 7950X cha kompyuta ya mezani, na EPYC 9654 cha seva. Ajabu ni kwamba vyote viwili vimeundwa kwa vipande vya silikoni vya namna moja, kila kipande kikiwa na viini 8, ila cha mezani kimepewa vipande 2, na cha seva 12. Hivyo kimoja kina viini 16 na kingine 96. Cha mezani, kwa kasi yake ya msingi, hupiga mapigo bilioni 4.5 kila sekunde, na kazi ikiwa ya kiini kimoja huweza kufika bilioni 5.7, cha seva msingi wake ni bilioni 2.4, na upeo wake 3.7. Kiini kwa kiini, basi, cha mezani kinakaribia kuwa na kasi maradufu; lakini ukizidisha idadi ya viini kwa mapigo ya msingi, utapata 72 upande mmoja na 230 upande wa pili, na seva imeshinda zaidi ya mara tatu. Sababu ya kuipunguzia seva mapigo ni joto, kwa kuwa umeme unaoliwa huongezeka zaidi kuliko kasi inayopatikana: cha mezani kimekadiriwa wati 170 kwa viini 16, na cha seva wati 360 kwa viini 96. Fauka ya hayo, seva imefunguliwa njia 12 za kuifikia kumbukumbu, ilhali ya mezani ina 2, kwani mafundi wengi wasioletewa bati kwa wakati ni watu waliokaa bure.

Wala wingi hauna baraka katika kila kazi. Mwaka 1967, mhandisi wa kompyuta Gene Amdahl alibainisha kwamba sehemu ya kazi isiyogawika ndiyo huweka mpaka: ikiwa sehemu moja katika kumi haina budi kufanywa na mmoja, basi ungeleta hata viini elfu, kazi haitakwisha kwa haraka kupita mara kumi. Mafundi kumi hawapigi msumari mmoja.

Kinyume chake ni M-Pesa, huduma ya kutumiana fedha kwa simu, iliyoanza Kenya mwaka 2007, na ambayo seva zake zilikuwa Ujerumani hata zilipohamishiwa nchini mwaka 2015. Jioni, anayelipia nyama pale soko la Burma hutuma fedha dakika ile ile ambayo maelfu wengine wanatuma, na muamala wake aghalabu hauungojei wa mwenzake. Kazi hiyo imegawika yenyewe kabla ya kufika, nayo yataka pato.

Shirika la SPEC, ambalo tangu 1988 limekuwa likitunga vipimo vya kompyuta, katika kipimo chake cha mwaka 2017 hutoa hesabu mbalimbali: moja ya muda wa kumaliza kazi moja, nyingine ya wingi wa kazi zilizokwisha kwa muda fulani. Ikiwa wapimaji wenyewe wametenga, haitufai sisi kuchanganya, hasa ilhali lugha yetu ina maneno mawili tayari.

Kijana wangu alipoyapima hayo, aliona kwamba mchana, akikata na kuunga vipande, yeye ndiye anayeingoja mashine, naye ataka upesi. Usiku, video ikitolewa naye amelala, pato lingemfaa. Akaniambia mchana wake ni mrefu kuliko usiku, akabaki na ya mezani.

Basi itakapoandikwa kamusi ya fani hii, ningependa isomeke hivi: upesi wa kichakataji, uchache wa muda wa kumaliza kazi moja; pato la kichakataji, wingi wa kazi zinazokwisha kwa muda fulani; na mbele ya neno utendaji, bila maelezo mengine, iandikwe: taz. upesi, taz. pato.