Kanda za Kariakoo: wizi uliotutunzia muziki wa dansi

Miaka ya 90 ndiyo inaanza, na Remmy Ongala na Super Matimila wana wimbo unaitwa Mambo kwa Soksi. Unazungumzia kondomu, wakati ukimwi unamaliza watu na wengi wanaona aibu hata kulitaja neno lenyewe. Redio Tanzania wakagoma kuupiga. Na enzi hizo Tanzania Bara redio ni hiyo hiyo moja, usipopigwa hapo ni kama hujarekodi. Sasa jiulize mdau, mbona mji mzima uliujua?

Uliujua kwa sababu ya ukumbi na kanda. Mtu kausikia dansini, mwingine kapata kaseti, wa tatu kaazima akarekodi yake. Na kaseti ilikuwa imeshamfanyia Remmy makubwa zaidi. Rafiki yake Mwingereza aliondoka na kanda yake kurudi kwao, ikafika mikononi mwa watu wa tamasha la WOMAD, na mwaka 1988 Remmy akawa jukwaani Ulaya.

Mashabiki wa rock huko Marekani wanaheshimu sana mambo haya. Kundi la Grateful Dead lilifika mahali mwaka 1984 likawatengea wanaorekodi sehemu yao ndani ya ukumbi. Onyesho lao la tarehe 8 Mei 1977, Chuo Kikuu cha Cornell, lilizunguka kwa nakala za mkono kwa mkono miaka na miaka. Mwaka 2011 likaingizwa kwenye orodha ya rekodi za kutunzwa kama mali ya taifa, na kutolewa rasmi kukaja baadaye, 2017. Watu wamekaa wakachambua nakala moja moja, ipi imetoka wapi. Kwetu kanda kama hizo zilikuwepo tele. Tuliziita kanda tu, na tulipomaliza kuzisikiliza tukarekodia taarabu juu yake.

Tulifikaje huko? Miaka ya 70 Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua sahani za santuri. NUTA Jazz, Vijana Jazz, Safari Trippers na wenzao wakirekodi studio za RTD, Barabara ya Pugu, na mkanda unabaki redioni. Ukitaka sahani, safari ni Nairobi. Halafu mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka na Kenya ukafungwa, ukaja kufunguliwa 1983. Nyimbo zinapendwa, zinapigwa redioni kila siku, lakini dukani huzipati. Hapo mwenye redio kaseti akawa mfalme wa mtaa.

Ilipokuja ruhsa ya Mzee Mwinyi baada ya 1985, redio kaseti na kanda tupu zikaingia kwa wingi, na Kariakoo ikafanya inachokijua. Unakwenda kwenye kibanda na karatasi yako ya nyimbo, unaacha kanda ya dakika 60 au 90, jioni unapitia imejaa. Sikinde upande huu, Msondo upande ule. Fundi kalipwa, mwenye kibanda kalipwa, muuza kanda tupu kalipwa. Mtunzi, mwimbaji na mpiga solo hawakupata hata nauli ya daladala.

Hapo ndipo utamu unageuka shubiri. Marijani Rajab, yule wa Zuwena, Georgina na Mwanameka, miaka yake ya mwisho aliishia kuuza kanda kwenye kibanda kidogo Kariakoo ili mkono uende kinywani. Akafariki mwaka 1995, maskini, mji mzima ukimwimba. Sheria mpya ya hakimiliki ikaja 1999, na COSOTA baada yake. Kwake ilikuwa imeshachelewa.

Kwa hiyo tusidanganyane kwamba wale wa vibanda walikuwa watunza historia. Walikuwa wanatafuta riziki, na riziki hiyo ilitoka kwenye jasho la wengine. Lakini ukweli mwingine nao uko palepale. Maktaba ya RTD, ambayo leo iko TBC, ilitunza kile ambacho redio iliamua kukirekodi. Usiku wa ukumbini ulikuwa kitu kingine. Kule wimbo wa dakika tano unaburuzwa hadi kumi, chemko halitaki kuisha, mwimbaji anataja majina ya wapenzi waliokaa meza za mbele. Mambo hayo utayakuta kwenye kanda chafu ya mtu aliyeweka redio yake karibu na spika.

Sasa kanda ya namna hiyo unaichunguzaje? Kwanza sikiliza bendi inajitajaje. Bendi ya chama cha wafanyakazi ilikuwa NUTA, ikawa JUWATA mwishoni mwa miaka ya 70, ikawa OTTU mwaka 1991, ndipo ikabaki na Msondo Ngoma. Mwimbaji akipaza "Juwata!" umeshapata kama miaka kumi na tatu ya kutafutia. Pili, tambua sauti. Mlimani Park walianza 1978 wakiwa na Muhiddin Maalim Gurumo, na mwaka 1985 akahamia kuongoza Safari Sound, Ndekule. Ukimsikia Gurumo, uliza kwanza yuko bendi gani, tarehe inajisogeza yenyewe.

Tatu, pima spidi. Umeme wetu unatetema mara 50 kwa sekunde, na mngurumo wake hupenya kwenye spika za ukumbini mpaka kwenye kanda. Programu ya kompyuta ikikuonyesha mngurumo uko 53, kanda inakimbia, na bendi yote imepanda karibu nusu sauti. Ndiyo maana kuna nakala ambazo mwimbaji unayemjua anasikika kama mdogo wake. Ila uwe makini. Ukikuta mingurumo miwili tofauti, kanda imepita kwenye mashine mbili, na wa pili huenda ni wa kibandani tu.

Nne, usidharau maandishi ya kalamu kwenye karatasi ya kaseti, lakini usiyaamini peke yake. Mwenye kibanda aliandika kinachouzika.

Wapo wanaokusanya kanda hizi leo na kuzipandisha mtandaoni, na nawapa hongera. Ila wengi wanaandika "Zilipendwa Mix" halafu basi. Hakuna bendi, hakuna mtunzi, hakuna mpiga solo. Na mrabaha nao unalipwa kwa jina. Familia ya mwanamuziki haiwezi kudai wimbo ambao haujulikani ni wa nani. Kuirusha kanda bila majina ni kumwibia mtu yule yule mara ya pili, na safari hii hatuna kisingizio cha mpaka kufungwa.

Basi fungua lile kabati la mzee. Ukikuta kaseti, vunja vile vidude viwili vya plastiki juu yake ili mtu asirekodie tena. Kama utepe umelegea, uzungushe kwa penseli taratibu. Kisha muweke mzee mwenyewe karibu na spika na daftari mkononi, akutajie nani anaimba, nani kapiga solo, ilikuwa ukumbi gani. Kanda inaweza kungoja mwaka mwingine. Mzee hana uhakika huo.