Programu za kukadiria thamani ya hisa na funzo la Mumias

PROGRAMU ya kukadiria thamani ya hisa ni chombo cha kompyuta kinachochukua takwimu za taarifa za fedha za kampuni, kikazipitisha katika kanuni za hesabu na kumwonyesha mwekezaji iwapo hisa inauzwa rahisi, ghali au kwa bei inayostahili. Chombo hiki hakitabiri bei ya kesho. Hulinganisha tu bei ya sokoni na yale ambayo kampuni imeyatangaza.

Nchini Marekani, tangu 1996 kampuni zinazouza hisa kwa umma hulazimika kuwasilisha ripoti zao kwa njia ya kielektroniki katika hifadhi iitwayo EDGAR. Kuanzia 2009, kampuni kubwa zilianza kutia kila tarakimu alama maalum, hivyo programu huzisoma zenyewe.

Nchini Kenya, kanuni za Mamlaka ya Masoko ya Mitaji (CMA) huzitaka kampuni zilizoorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi (NSE) kuchapisha hesabu za kila mwaka na za nusu mwaka. Ripoti nyingi hutolewa magazetini au kama nyaraka za kusomwa kwa macho. Kwa hivyo mwekezaji aliye Bungoma au Kitale mara nyingi huingiza tarakimu kwa mkono katika programu ya lahajedwali kama vile Excel.

Kipimo cha kwanza ni faida kwa kila hisa, yaani faida ya mwaka ikigawanywa kwa idadi ya hisa. Bei ya hisa ikigawanywa kwa faida hiyo, hupatikana uwiano unaoonyesha ni faida ya miaka mingapi anayoilipia mnunuzi. Kipimo cha pili ni rasilimali zikitolewa madeni, kisha kugawanywa kwa idadi ya hisa.

Kipimo cha tatu hukadiria fedha zitakazopatikana miaka ijayo na kuzirejesha katika thamani ya leo. Kwa kiwango cha asilimia 12, shilingi 100 zitakazopokewa baada ya miaka mitano ni sawa na shilingi 57 hivi za leo. Hapa ndipo makisio huwa na nguvu kuliko hesabu. Hisa itakayoleta shilingi moja mwaka ujao, kwa kiwango cha asilimia 15, ina thamani ya shilingi 10 iwapo mapato yatakua kwa asilimia 5 kila mwaka daima. Ukuaji ukikisiwa kuwa asilimia 10, thamani hupanda hadi shilingi 20. Programu ni ile ile na kampuni ni ile ile. Kilichobadilika ni tarakimu moja tu ya kubahatisha.

Kwa wakazi wa Bungoma, mipaka ya vipimo hivi ilidhihirishwa na Kampuni ya Sukari ya Mumias. Kiwanda chenyewe kimo Kakamega, lakini wakulima wa Bungoma pia walikiuzia miwa. Kampuni hiyo iliorodheshwa katika NSE mnamo 2001, na hivyo mkulima aliweza kuwa mwenye hisa. (Kiwanda cha Nzoia, kilicho Bungoma kwenyewe, kilikuwa mali ya serikali na hakikuwa na bei ya hisa ya kupimwa.)

Katika mwaka wa fedha uliokamilika Juni 2012, Mumias ilitangaza faida ya takriban shilingi bilioni 2 baada ya kodi. Ikiwa na hisa bilioni 1.53, faida kwa kila hisa ilikuwa kama shilingi 1.30. Kwa mnunuzi aliyelipa shilingi 6, uwiano ulikuwa chini ya 5. Takriban kila programu ingeiita hisa hiyo rahisi.

Mwaka uliofuata kampuni ilitangaza hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 1.6, na hasara zikaandamana. Mnamo Septemba 2019, benki ya KCB iliyokuwa ikiidai iliiweka chini ya mrasimu, na mauzo ya hisa zake yakasimamishwa. Waliokuwa wameweka akiba humo hawakuweza tena kuuza hata kwa hasara.

Hisa inaweza kuonekana rahisi kwa sababu soko limeshaona yasiyomo katika faida ya mwaka mmoja. Katika kilimo kuna jambo la ziada: kanuni za kimataifa za uhasibu huruhusu thamani ya mazao yaliyomo shambani kukadiriwa, na ongezeko lake kuhesabiwa katika faida kabla ya senti yoyote kupokewa. Ndiyo maana taarifa ya mtiririko wa fedha husomwa sambamba na ya faida.

Wataalamu wa uwekezaji hushauri kulinganisha hesabu za angalau miaka mitano, kutazama ukuaji wa madeni, na kusoma maoni ya wakaguzi, hasa wanapotilia shaka uwezo wa kampuni kuendelea na biashara. Kucheleweshwa kwa malipo ya wakulima na uhaba wa miwa huonekana mashambani mapema, ilhali katika ripoti huingia baada ya miezi mingi. Hakuna programu inayoweza kupima kisichoandikwa katika taarifa iliyopewa.