Bunduki Ilienda, Kamera Ikaja. Duma Amepumzika Lini?

Wasee, tuanze na neno safari. Kwetu ni kutoka Nairobi kwenda ushago. Wazungu walilichukua, likawa na maana ya kuja huku kuwinda.

Mwaka wa 1909, Theodore Roosevelt, akiwa ndio tu ametoka kwa urais wa Marekani, alishuka Mombasa na mwanawe Kermit. Kufikia mwisho wa safari yao, hao wawili walikuwa wameua wanyama 512: simba 17, tembo 11, faru 20 na wengine kibao. Enzi hizo hiyo ilikuwa sifa. Lakini Mwafrika akiwinda bila leseni ili watoto wale, aliitwa jangili.

Ilichukua hadi 1977 ndio Kenya ikapiga uwindaji marufuku. Bunduki ikawekwa chini, kamera ikachukua nafasi yake, na tukajiambia mnyama sasa yuko salama.

Ni kweli? Utafiti kuhusu duma wa Maasai Mara ulichapishwa 2018. Pale watalii ni wachache, kila uzao ulitoa wastani wa watoto 2.3 waliokua hadi kujitegemea. Pale watalii wamejaa? 0.2. Hakuna aliyefyatua risasi hapo. Lakini duma huwinda mchana kwa kunyemelea, na sasa hebu nyemelea swala ukiwa umezungukwa na magari.

Najua mtasema utalii unalisha watu. Ni kweli kabisa, na sisemi mbuga zifungwe. Ila hata uwindaji uliajiri wapishi, wapagazi na madereva, na bado ulisimamishwa. Kazi ya mtu haifanyi kila kitu kiwe sawa. Inatudai tu tutafute njia bora ya kuifanya.

Tusimlaumu dereva peke yake pia. Anasongea karibu kwa sababu sisi ndio tunalipia ukaribu. Tunataka video ya duma akijaza skrini, halafu tunampa bakshishi aliyetufikisha.

Swali langu ni moja tu, na linafanya kazi Mara na pia kwa yule ngamia wa kubeba watu ufuoni Mombasa: huyu mnyama akitaka kuondoka, anaweza? Kama hawezi, mwambie dereva, "Boss, turudi nyuma kidogo." Video itatoka na duma mdogo. Ni sawa tu, bora watoto wake wakue.