Meli Iliyofuatwa, Shehena Iliyoponyoka: Zuio la Pwani ya Tanga na Nyanda za Meru na Momela, 1914–1916

Historia ya Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika Mashariki ya Kijerumani imeandikwa zaidi kama historia ya mapigano. Tanga, Longido, Rufiji na Mahiwa zina kurasa nyingi; namna mizigo ilivyofika, au ilivyoshindwa kufika, katika maeneo hayo ina kurasa chache. Makala haya yanalitazama suala hilo kutoka bara, katika nyanda zilizo mashariki ya Mlima Meru, yaani Momela na jirani zake, umbali wa zaidi ya kilomita 400 kutoka gati la Tanga kwa reli na kwa njia ya magari ya ng'ombe. Hoja inayojengwa ni kwamba katika mwaka wa 1915 jeshi la majini la Uingereza lilifaulu kuifuatilia meli moja karibu hadi ufukweni, lakini halikuifuatilia shehena iliyokuwa ndani yake, na kwamba gharama ya upungufu huo ilibebwa kwa kiasi kikubwa na watu wa bara ambao hawakuiona meli hiyo kamwe.

Kabla ya vita, uchumi wa walowezi wa Meru ulitegemea mlango mmoja. Reli ya Usambara ilianzia Tanga, ikafika Mombo na hatimaye Neu Moshi mwaka 1911. Ilikomea hapo. Kutoka Moshi kwenda Arusha na Momela mizigo iliendelea kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, utaalamu ambao Makaburu waliohamia eneo la Meru katika muongo wa kwanza wa karne ya 20 walikuja nao kutoka kusini. Momela penyewe, kando ya maziwa yake ya magadi, palikuwa shamba la familia ya Trappe, waliojihusisha zaidi na mifugo. Majembe ya kukokotwa, nguo, dawa, risasi na vipuri vilipanda kutoka Tanga. Kahawa, ngozi na mazao mengine yaliteremka kwenda huko. Kwa Wameru na Waarusha, ambao ardhi yao ilikuwa imepunguzwa na mashamba hayo, bandari ilijulikana zaidi kupitia kodi na kazi za shokoa kuliko kupitia bidhaa.

Tukio lililoivuruga biashara ya pwani nzima lilitokea Unguja. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliishambulia na kuizamisha manowari ya Uingereza Pegasus, iliyokuwa imetia nanga ikifanyiwa matengenezo. Mwezi uliotangulia Königsberg ilikuwa imekwisha kuikamata meli ya biashara City of Winchester karibu na pwani ya Omani. Baada ya Pegasus, hakuna nahodha wa meli ya mizigo aliyeweza kuichukulia bahari kati ya Mombasa na Dar es Salaam kuwa salama. Misafara iliyowaleta askari kutoka Bombay ilihitaji kusindikizwa na manowari, na manowari tatu, Chatham, Dartmouth na Weymouth, zilipewa kazi ya kumtafuta adui mmoja. Alipatikana mwishoni mwa Oktoba baada ya Chatham kukamata nyaraka ndani ya meli Präsident huko Lindi, zilizodokeza kwamba makaa ya mawe yalikuwa yakipelekwa Rufiji. Ifaa kusisitizwa kwamba Königsberg iligunduliwa kwa kufuata mzigo, hata kabla ya ndege kutumika kuichungulia katika mikoko ya delta. Somo hilo lilikuwa mikononi mwa Waingereza miezi sita kabla ya tukio la Manza, na halikutumika.

Zuio rasmi la pwani lilitangazwa tarehe 1 Machi 1915. Wakati huo jeshi la Wajerumani kaskazini lilikuwa limekwisha kupata akiba ya kwanza kwa njia isiyotarajiwa. Katika mapigano ya Tanga ya Novemba 1914 Waingereza waliacha ufukweni, kwa hesabu za Wajerumani wenyewe, bunduki 455, bombomu 16 na risasi 600,000. Akiba hiyo haikutosha. Kombania nyingi za askari bado zilitumia bunduki za mwaka 1871, zenye baruti nyeusi ambayo moshi wake ulimfichua mpigaji kila alipofyatua. Katika nyika tambarare za kaskazini ya Meru na Kilimanjaro, ambako doria zilionana kutoka mbali, upungufu huo ulikuwa suala la uhai.

Katika hali hiyo meli Rubens ilitumwa. Iliondoka Ujerumani Februari 1915 chini ya Luteni Carl Christiansen, ikijifanya meli ya Denmaki iitwayo Kronborg, ikazunguka Rasi ya Tumaini Jema. Ilibeba makaa ya mawe kwa ajili ya Königsberg, bunduki za kisasa zipatazo 1,800, risasi za bunduki zaidi ya milioni nne, na makombora ya mizinga ya manowari. Lengo la kwanza lilikuwa kuiwezesha Königsberg kutoka Rufiji na kurudi kwao. Simu za upepo zilizopelekwa kati ya meli hizo mbili zilinaswa, na Admirali King-Hall, akiwa ndani ya Hyacinth, alikuwa tayari akiingojea pale Rubens ilipoikaribia pwani ya Tanga tarehe 14 Aprili 1915. Kwa kipimo cha zama hizo, ufuatiliaji huo ulikuwa wa hali ya juu: meli iliyojificha chini ya bendera na jina la nchi nyingine ilisubiriwa mahali na wakati karibu sahihi.

Kilichofuata ndicho kiini cha makala haya. Mtambo mmoja wa Hyacinth uliharibika wakati wa kuifukuza, na Rubens ikapata nafasi ya kuingia ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Christiansen aliamua kuizamisha katika maji ya kina kifupi, na moto ukawaka kwenye sitaha. Mabaharia wa Uingereza walioipanda waliikuta ikiungua. Hyacinth iliipiga mizinga, kisha ikaondoka kwa imani kwamba kazi imekwisha. Katika hesabu za jeshi la majini, meli ilikuwa imeangamizwa. Ndani ya maji, sehemu kubwa ya shehena ilikuwa salama. Kwa wiki kadhaa wazamiaji waliiopoa: bunduki, risasi, makombora, vifaa. Risasi zilizolowa zilifunguliwa moja moja, baruti ikaanikwa na kukaushwa, kisha zikafungwa upya. Kazi hiyo ilifanyika kwa mkono na ilihitaji watu wengi.

Si sahihi kulieleza tukio hilo kama bahati njema ya Christiansen pekee, kama baadhi ya maandishi ya kumbukumbu za Kijerumani yanavyopenda. Waingereza walikuwa na chombo bora cha kujua meli iko wapi, ila hawakuwa na utaratibu wa kuthibitisha mzigo umeishia wapi. Tofauti hiyo haijafutika. Kanuni ya kimataifa ya usalama wa meli na bandari iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2004, baada ya mashambulizi ya Marekani ya Septemba 2001, na Mwongozo wa Djibouti wa Januari 2009 dhidi ya uharamia, ambao uliifanya Dar es Salaam kuwa mojawapo ya vituo vitatu vya kubadilishana taarifa, vinasaidia kukijua chombo na njia yake. Chombo kinapoonekana kwenye skrini, kilichomo ndani yake bado hujulikana kwa hati na ukaguzi tu.

Shehena ya Manza ilipofika nchi kavu iliingia katika mfumo ambao haukuguswa na zuio, yaani reli na vichwa vya wapagazi. Reli iliufikisha mzigo Neu Moshi, kambi kuu ya kaskazini, na kutoka hapo ngome za mpakani zililishwa kwa miguu. Longido ilikuwa imekwisha kuonyesha ugumu wa kazi hiyo. Wajerumani waliwarudisha nyuma washambuliaji tarehe 3 Novemba 1914, kisha wakaondoka muda mfupi baadaye kwa sababu kuipelekea chakula kutoka Moshi kulikuwa mzigo mkubwa mno. Katika mwaka wa 1915 doria za Kijerumani zilishambulia mara kwa mara Reli ya Uganda na njia mpya iliyojengwa kutoka Voi kuelekea Taveta. Kushikilia mpaka kwa mwaka mzima baada ya Manza kulihitaji risasi, na risasi zilikuwepo.

Bidhaa nyingine hazikuja. Taasisi ya utafiti ya Amani katika Usambara ilitengeneza kwinini kutokana na magome ya mkwinini. Nguo, sabuni na mishumaa vilitengenezwa ndani ya koloni. Nyama ilitoka kwenye nyanda. Mifugo ya Arusha, Umasaini na mashamba kama Momela, ambako Margarete Trappe alibaki akiendesha shamba baada ya mumewe kujiunga na jeshi, ilikuwa sehemu ya akiba ambayo manowari yoyote haikuweza kuizuia. Hapa ndipo vyanzo vinapokuwa na upungufu wa kusikitisha. Maandishi ya wakubwa wa jeshi yanahesabu risasi kwa maelfu na kutaja makombora kwa kipenyo. Wapagazi wanatajwa kwa jumla, kama vile mvua inavyotajwa. Mtafiti anayetaka kujua ni nani wa Meru aliyebeba sanduku lililotoka Manza atalazimika kutegemea masimulizi ya familia, na kizazi kilichoyasikia kutoka kwa wenyewe kimekaribia kwisha.

Meli ya pili, Marie, ilifika Sudi Machi 1916. Shehena yake ilikuwa imegawanywa mapema katika mizigo ya kubebwa na mtu mmoja mmoja, dalili kwamba waliotuma walikuwa wamejifunza kutokana na Rubens. Waliozuia hawakuwa wamejifunza, kwani mzigo ulishushwa na meli yenyewe ikatoroka. Lakini kwa nyanda za Meru msaada huo ulikuwa umechelewa. Mwezi huohuo majeshi ya Smuts yaliivuka mipaka ya kaskazini. Safu ya Stewart ilipita kati ya Meru na Kilimanjaro, Moshi ikatwaliwa, na Arusha ikafuata.

Mara tu mshindi alipoingia Arusha alirithi tatizo la aliyeshindwa. Van Deventer alitoka hapo mwanzoni mwa Aprili kuelekea Kondoa Irangi, na mvua za masika pamoja na mbung'o ziliwaua farasi na ng'ombe wa kukokota kwa wingi, hata askari waliotangulia wakabaki na njaa mbele ya mizigo yao. Tanga ilitwaliwa tarehe 7 Julai 1916. Waingereza nao wakawategemea wapagazi wa kikosi ambacho jina lake limesalia hadi leo katika Kariakoo ya Dar es Salaam. Reli ilifika Arusha mwaka 1929. Momela iliendelea kupokea mizigo yake kwa njia ya udongo.