Kabla ya kusema "ni waya", uliza gari ilizaliwa lini

Wasee, kuna sentensi moja naisikia kila mahali penye gari ya zamani: "Hii inataka kuwekwa waya upya, yote." Taa zikififia, waya upya. Indiketa ikipepesa kwa uchovu, waya upya. Ukikubali, waya zote za kiwandani zinang'olewa, gari inajazwa waya za rangi moja, na kuanzia siku hiyo hakuna fundi mwingine atakayeielewa. Mimi naona gari nyingi nzuri zinauawa hapo. Si ati waya zilikuwa zimeoza. Ni kwamba hakuna aliyejisumbua kujua historia yake.

Kuna jina moja hubebeshwa lawama zote: Lucas. Hii ni kampuni ya Birmingham, Uingereza, iliyoanza karne ya 19 ikiuza taa za meli na baiskeli. Baadaye ikawa inatengeneza dainamo, stata na swichi za karibu kila gari ya Mwingereza. Wamarekani walionunua MG na Triumph waliipa jina la utani, Mkuu wa Giza, na utani wao mwingine ni kwamba Waingereza hunywa bia vuguvugu kwa sababu friji zao ni za Lucas. Mimi pia nimecheka. Lakini huo utani umetufanya wavivu, kwa sababu ukishasema "ni Lucas hiyo" huendelei kutafuta.

Kitu chenyewe ni hiki. Kwenye gari, umeme hupita kwa waya upande mmja tu. Upande ule mwingine wa betri umefungwa kwenye bodi, kwa hivyo chuma cha gari ndicho hukamilisha njia. Hiyo ndiyo mafundi huita ethi. Kwenye Probox, na karibu kila gari unayoiona barabarani leo, upande uliofungwa kwa bodi ni hasi (−). Lakini kuanzia katikati ya miaka ya 1930, magari mengi ya Uingereza yalifungwa kinyume: chanya (+) ndiyo ilikuwa kwa bodi. Mainjinia waliamini vichwa vya betri na waya vingeliwa na kutu kidogo zaidi, na plagi zingetoa cheche kwa urahisi. Haukuwa ujinga. Halafu zikaja redio za transista na alteneta zenye daiodi, ambazo ukizigeuzia umeme zinaungua, na kufikia mwisho wa miaka ya 1960 Waingereza wakabadilisha. Mini, kwa mfano, ilibaki na mtindo wa zamani mpaka 1969.

Sasa fikiria fundi aliyesomea kazi kwa Probox, ameletewa Mini ya 1965. Anafunga alteneta ya kisasa vile amezoea, bodi ni hasi. Betri inamwaga umeme wote kupitia daiodi, waya zinakuwa nyekundu, moshi unatoka, na kila mtu anasema, "Unaona? Gari za zamani." Gari haijakosa chochote. Imeulizwa swali la mwaka mwingine.

Guka wangu ana Land Rover ya 1966 aliyoinunua kwa mnada wa serikali, na ndiyo imebeba majani chai ya kwetu tangu babangu akiwa mtoto. Mwaka jana ikaanza maajabu: ukiweka indiketa, taa ya nyuma nayo inapepesa. Ukipiga stata, injini inazunguka kama imelala, na kebo ya choki inapata moto mpaka huwezi kuishika. Gereji moja ikamwambia ni waya zote, na bei waliyomtajia ilizidi bonasi yake ya chai. Mzee akaanza kuongea habari ya kuiuza kwa watu wa vyuma kuukuu.

Hapo ndipo mwaka 1948 unaingia. Land Rover ilipozinduliwa, Uingereza ilikuwa bado inagawa chuma kwa kipimo baada ya vita. Kampuni ikatengeneza bodi ya alumini na kuifunga juu ya fremu ya chuma. Kila mahali alumini na chuma vinapogusana, weka maji na matope ya miaka 60, vinalana. Kunabaki unga mweupe kati yao, na ule unga haupitishi umeme vizuri. Kwa hivyo umeme wa indiketa ukikosa njia kwa bodi, unarudi kinyumenyume kupitia balbu ya jirani. Umeme wa stata ukikuta mkanda wa ethi kati ya injini na fremu umelegea, unapita kwa kebo ya choki. Ndiyo maana inachoma!

Tulichukua waya moja ndefu. Ncha moja kwa upande wa betri ulioshikana na bodi, ambao kwa gari ya Guka ni ule wa chanya, na ncha ya pili tukaigusisha kwa chuma cha ile taa. Taa ikawaka kama mpya. Hicho ndicho kipimo chote. Kikikupa mwanga, waya inayoleta umeme ni nzima, shida ni ethi. Tulisugua sehemu tano kwa msasa, tukabadilisha mkanda wa injini, na Guka akaacha kutaja vyuma kuukuu.

Na hizo waya za Lucas zinazotupwa zina lugha yake. Kahawia ina umeme wa betri wakati wote. Nyeupe inaamka ukiwasha ufunguo. Kijani ni ile iliyotoka kwa ufunguo ikapitia fyuzi. Buluu ni taa kubwa, nyekundu ni taa ndogo na za nyuma, nyeusi ni ethi, hata kama ethi yenyewe ni chanya. Ukiwa na taa ya majaribio na hizo rangi sita, unaweza kufuata tatizo kutoka betri mpaka balbu bila kukata kitu. Kuwa tu makini na taa kubwa, kwa sababu magari kama Morris Minor yalikuja na fyuzi mbili pekee na taa kubwa hazikuwa na yoyote. Waya ya buluu ikigusa bodi, hakuna fyuzi ya kuungua. Itaungua yenyewe, kwa hivyo chomoa betri kabla ya kuishika.