Taa au Pambo? Jina la Bidhaa Mbele ya Forodha

Mnunuzi wa Itumbe, katika nchi ya Wagusii, azionapo taa ndogondogo zilizotungwa katika waya mfano wa shanga, aweza kuziita "mapambo ya Krismasi" na akaeleweka. Afisa wa forodha hana ruhusa hiyo.

Istilahi zenyewe zina historia. "Forodha" na "ushuru" zimetokana na Kiarabu. Asili ya ushuru ni fungu moja katika kumi, ingawa mapatano ya Sayyid Said na Marekani ya mwaka 1833 yaliweka tano katika mia. Hesabu iligeuka, neno likabaki.

Mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, ambao mkataba wake ulifanywa Brussels 1983 na kuanza kutumika 1988, huweka vitu vya sikukuu chini ya namba 9505. Taa za mti wa Krismasi, hata hivyo, ziliwekwa sura ya 94, jirani na samani (ujirani wa ajabu kidogo!), kwa namba 9405.30. Mwaka 2022 namba hiyo iligawanywa, 9405.31 ikawa ya taa za LED pekee. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza ushuru wa pamoja mwaka 2005, hufuata mfumo huo.

Basi mfasiri wa orodha hiyo hana budi kutanguliza "taa". "Mapambo ya taa" ni Kiswahili safi, lakini nomino inayotangulia ndiyo itajayo aina ya kitu, na hapo shehena itakuwa imekwisha kuhamia sura ya 95.